Barua ya wazi kwa wakubwa wa Arusha: kabla ya treni, tupeni pa kukanyaga

Wakubwa zetu mnaopanga barabara, reli na viwanja vya mji huu, shikamooni. Na mlio rika langu, habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani, meza yangu iko kwenye baraza la duka karibu na Soko Kuu, huu mwaka wa kumi na moja. Sijasomea mipango miji wala uinjinia, ila kazi yangu ya kila siku ni kupima, na tangu mwezi wa nne nimekuwa nikipima vitu ambavyo sio nguo, ndo maana naandika.

Mwezi wa nne huo masika yamekolea, mama yangu ana miaka 67, kashuka kwenye kifodi (daladala zetu ndogo) pale kituo cha Kilombero hapa mjini anakuja kwangu kuchukua gauni lake la harusi ya mjukuu. Mvua ilikuwa imekatika muda sio mrefu, maji bado yanashuka kutoka juu huko, si mnajua sisi tuko kwenye mteremko wa Meru, ikinyesha huko juu huku chini tunapokea yote na mawe yake. Mama anatembea pembeni vizuri tu, akafika mahali gari limepakiwa juu ya njia ya miguu, upande mmoja gari upande mwingine mtaro, mtaro una mifuniko ya zege ila mmoja haupo, na maji yamejaa mpaka juu rangi ya udongo, huwezi kujua wapi pana mfuniko wapi hapana. Mguu wa kushoto ukazama mpaka kwenye goti. Vijana wa bodaboda ndo walimtoa, Mungu awabariki, mmoja wao alimbeba mgongoni mpaka kwangu. Kifundo kilivunjika. Alikaa na POP, ile plasta ngumu ya mguu, wiki sita na harusi akaiona kwenye simu.

Nilienda ofisi moja kuulizia ule mfuniko, nikaambiwa barabara ile sio yao. Nikaenda ofisi nyingine, wakaniambia mtaro ni wao ila kilicho pembeni ya mtaro sio chao. Sitaji ofisi yoyote, sijaandika ili mtu apoteze kazi, walionihudumia walikuwa watu wa heshima na nadhani waliniambia ukweli wanaoujua. Mwisho wenye maduka tulichangishana tukaweka ubao. Mpaka leo ni ubao.

Jioni ile kabla sijafunga nikachukua futi yangu nikarudi pale. Kati ya tairi la gari (hilohilo, lilikuwa bado lipo) na ukingo wa mtaro ni inchi 14. Mabega ya mama yangu nayajua kwa kichwa, nimemshonea miaka yote, ni inchi 17. Yaani tulimtaka mama wa mabega ya inchi 17 na mfuko wa nyanya mkononi apite kwenye inchi 14 juu ya maji. Toka siku hiyo nikawa na tabia ya kupima. Nimepima mbele ya maduka saba yanayofuatana mtaani kwetu, nikakuta levo saba tofauti, kila mwenye duka kajenga baraza lake kwa urefu anaotaka yeye, huyu kapandisha ngazi mbili, huyu kashusha, huyu kaweka vigae vya kung'aa vile vya sebuleni ambavyo vikilowa hata mbuzi anateleza, huyu kaweka jenereta. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupita hata duka moja, lazima ashuke barabarani akae mbele ya bajaji. Mama anayesukuma mtoto hivyohivyo, na vijana wa mikokoteni ndo usiseme.

Sasa kwa nini naongelea mitaro wakati kila mtu mjini anaongelea treni? Kwa sababu naona haya ni jambo moja na watu wanayatenganisha.

Kila nikikaa na wateja nasikia habari za treni. Mara SGR, ile reli ya kisasa, ya Tanga kupita Arusha mpaka Musoma ambayo imetajwa miaka mingi, mara treni ya umeme ya mjini kama za Ulaya, na tangu SGR ya Dar mpaka Dodoma ianze 2024 watu wamepata hamu kweli na mimi ni mmoja wao, naitaka sana. Na kila mtu anakumbusha kwamba sisi ni Geneva ya Afrika. Basi mimi nikaamua niisome hiyo Geneva yenyewe, mji wa Uswisi, manake tunaitaja sana bila kuijua.

Geneva ilikuwa na tramu, yaani treni za mjini za reli zilizolazwa barabarani, tangu 1862, za kukokotwa na farasi, baadaye zikaja za umeme, mtandao ukawa mkubwa unaingia mpaka vijijini. Halafu magari yakaja na wao wakafanya kama miji mingi, wakazing'oa, mpaka kufika 1969 ilikuwa imebaki njia moja tu, namba 12. Moja. Wakakaa hivyo zaidi ya miaka ishirini na foleni zao, ndo 1995 wakaanza kuzirudisha wakafungua namba 13, na wakaendelea kulaza reli mpaka 2019 tramu ikavuka mpaka wa nchi ikaingia Annemasse, Ufaransa. Na ule mji wenyewe ukitoa vitongoji vyake una watu kama laki mbili, wakati sensa ya 2022 Jiji la Arusha lilikuwa na watu 617,631. Kwa hiyo asije mtu akatuambia sisi ni wadogo kwa treni. Ila kitu nilichokiona kwenye kila picha ya tramu za Geneva, na nimeziangalia nyingi, ni kwamba mlango wa tramu ukifunguka mtu anakanyaga mahali pakavu, pamenyooka, panalingana na sakafu ya tramu, na kutoka pale anatembea mpaka nyumbani bila kushuka barabarani.

Strasbourg kule Ufaransa ndo mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 1989 mama mmoja, Catherine Trautmann, alishinda umeya akinadi tramu ya juu ya barabara badala ya treni ya chini ya ardhi iliyokuwa imepangwa. Wenye maduka waliogopa kweli, walisema magari yakiondolewa katikati ya mji wateja watapotea. Tramu ilianza 1994, na walipolaza reli hawakulaza reli peke yake, walipasua mtaa kutoka ukuta wa upande huu mpaka ukuta wa upande ule wakaupanga upya wote, njia za miguu, miti, taa, kila kitu. Maana hela ya kupasua barabara ikishatoka mara moja kwa nini usimalize kazi nzima? Sisi tunalaza lami mwaka huu, mwaka kesho anakuja wa maji anachimba, mwaka unaofuata wa nyaya, na njia ya miguu inasubiri bajeti ambayo haifiki.

Halafu kuna mfano wa karibu ambao naomba muusome kwa makini kuliko wa Ulaya. Addis Ababa walifungua treni yao nyepesi ya umeme 2015, njia mbili, kama kilomita 34, ikagharimu dola kama milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ni kazi kubwa na iliwasaidia watu wengi, nauli ilikuwa nafuu. Lakini vipuri vikawa shida na treni nyingi zikasimama, na zaidi ya hapo sehemu kubwa ya reli imepita usawa wa ardhi katikati ya barabara na fensi kila upande, kwa hiyo mtu aliyekuwa anavuka kwenda duka la ng'ambo sasa anazunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Reli imeleta watu toka mbali na wakati huohuo imewatenga majirani wanaotazamana. Hiyo ndo hofu yangu. Treni inaweza kuujenga mji na inaweza kuukata vipande, inategemea mliwaza nini kuhusu mtu anayetembea.

Hapa niruhusuni nieleze kwa lugha ya cherehani. Wanasema mtu wa kawaida anakubali kutembea kama dakika kumi kwenda kituo cha treni, hiyo ni kama mita 800. Ukizungushia duara la mita 800 kituo kimoja unapata eneo la kama kilomita 2 za mraba, hao wote ndani ya duara ni abiria wako, na maduka yako, na nyumba za kupangisha zako. Sasa fundi yeyote wa sketi ya duara anajua, ukipunguza urefu nusu, kitambaa hakipungui nusu, kinabaki robo. Kwa hiyo njia zikiwa mbovu, mtaro hauna daraja, ukuta umeziba uchochoro, giza, matope, mtu akakubali kutembea mita 400 tu, eneo la kituo chako linabaki nusu kilomita ya mraba. Umepoteza robo tatu ya abiria na hujagusa treni yenyewe! Umejenga kituo cha mabilioni halafu umekinyima watu kwa sababu ya mifuniko ya zege.

Na ndo hapo linapoingia suala la mji kukua. Kifodi leo kinapita huku kesho konda kaamua kukatisha, stendi nayo inahamishwa, kwa hiyo hakuna mtu anayejenga ghorofa kwa kutegemea kituo cha kifodi. Reli ikilazwa haihami. Mwenye kiwanja anaiona, benki inaiona, anajenga chini maduka juu vyumba, watu wanasogea karibu, mji unapanda juu badala ya kutambaa. Sisi tunatambaa. Muriet, Olasiti, Moshono, Kisongo, kila mwaka mji unakula shamba jingine, na kila nyumba mpya iko mbali na barabara kuliko ya jana, na kila aliyejenga kule lazima apande bodaboda kufika kwenye kifodi. Binti anayenisaidia kushona anakaa Muriet ndani ndani, bodaboda buku asubuhi, buku jioni, siku 26 ni elfu 52 kwa mwezi, na bado hajapanda kifodi. Sio kwamba ni mbali sana, kiangazi anatembea. Ni kwamba masika hapapitiki na saa moja jioni hakuna taa. Ile elfu 52 kwake ni kodi ya chumba.

Mimi siwaombi tramu kesho. Nawaomba tuanze na kilichopo. Reli tunayo. Ilifika Arusha toka Moshi mwaka 1929, ikalala zaidi ya miaka thelathini bila treni ya abiria mpaka iliporudi 2020, na siku ile watu walitoka majumbani kuiangalia, wengine wanalia. Njia ile inatoka Moshi inapita Usa River inaingia mjini mpaka stesheni. Ni ukanda uleule ambao asubuhi wafanyakazi na wanafunzi wamejazana kwenye Hiace barabara kuu. Na wala sio wazo geni, Dar walifanya mwaka 2012, wakachukua reli ile kuukuu ya upana wa mita moja wakaweka mabehewa asubuhi na jioni, watu wakaiita Treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati ule, na ikabeba watu. Kwa nini sisi tusiwe na treni ya asubuhi na jioni toka Usa River? Behewa mbili tatu za kuanzia. Tujifunze kupanda treni ya mjini kwa reli ya babu zetu kwanza, tujue watu wanashukia wapi wanaelekea wapi, halafu ndo mje na ya umeme mkiwa na hesabu za kweli.

Ila ikianza bila njia za miguu itakufa. Mtu atashuka stesheni, atakuta hamna pa kupita, atapanda bodaboda, na mwezi wa pili atajiuliza kwa nini asipande bodaboda na kifodi toka mwanzo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni mitaro. Mitaro yetu ni mikubwa kwa sababu ya mlima, hiyo haiepukiki, lakini mtaro ukifunikwa kwa zege imara ndo njia ya miguu tayari, nafasi iko pale pale, hamuhitaji kubomoa nyumba ya mtu wala kulipa fidia. Mifuniko iwe ya kunyanyulika ili mtaro usafishwe kabla ya masika, iwe na nondo za kutosha isivunjwe na gari, na aliyepewa kusafisha akiondoka ahesabiwe mifuniko aliyoiacha. Pale ambapo kuna pevingi tayari, wekeni vizuizi magari yasipande, vile vinguzo vifupi tu vya zege, sio kazi kubwa.

Upana naomba mpime kwa futi ya fundi. Futi yangu ni inchi 60, mita 1 na nusu. Ikitandazwa yote bila kugusa nguzo wala gari wala meza, watu wawili wanapishana na mfuko, na kiti cha magurudumu kinapita. Mitaa ya sokoni inataka zaidi ya hapo. Na hapa nisieleweke vibaya kuhusu wamachinga, mimi mwenyewe nimeanzia chini na turubai. Mwaka 2021 walipopangwa upya nchi nzima niliona wenzangu wanavyohangaika. Machinga yuko pale kwa sababu watu wanatembea pale, ukimfukuza leo kesho yuko palepale, kwa hiyo mchoreeni nafasi yake kabisa kwenye plani, machinga upande wa barabara, watembea kwa miguu upande wa maduka, mstari uonekane. Tukiwekewa mstari tutaulinda wenyewe kwa sababu mteja anayepita vizuri ndo anayenunua. Na miti jamani. Mijakaranda ile mnayoiona inachanua kuanzia mwezi wa kumi sio pambo tu, mtu anatembea mbali zaidi akiwa na kivuli. Msiikate kila mnapopanua barabara.

Suala la nani mwenye barabara ndo naliona gumu kuliko zege. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mitaani ni za TARURA tangu ilipoanzishwa 2017, viwanja na vibali vya ujenzi ni vya Jiji, reli ni ya TRC. Mgawanyo huo una sababu zake siupingi. Lakini mtu anayetembea toka nyumbani mpaka stesheni anapita kwenu nyote ndani ya dakika kumi, na kwenye maungio kati ya ofisi na ofisi ndo kuna mashimo. Nguo pia haichaniki katikati ya kitambaa, inachanika kwenye mshono. Kaeni meza moja, mteue mtu mmoja mwenye mamlaka ya njia za miguu za Arusha nzima, namba yake ibandikwe kwenye vituo, mfuniko ukipotea tumpigie yeye.

Na kibali cha ujenzi kiseme levo ya baraza. Hilo tu lingeniondolea zile levo saba.

Halafu muda. AFCON ni 2027 na uwanja wa watu 30,000 unajengwa Olmoti. Mechi ikiisha watu 30,000 wanatoka mlangoni kwa wakati mmoja. Hakuna idadi ya vifodi na bajaji itakayowabeba kwa mara moja, wengi watatembea, usiku, wengine wageni hawajui mtaro uko wapi. Naomba sana njia za miguu za kutoka uwanjani ziwe pana, zina taa, zinafika mpaka mjini na sio mpaka geti la uwanja tu. Na barabara ile ya Sakina mpaka Tengeru, ile ya njia nne, kilomita kama 14, ilirahisisha sana safari za magari, tunashukuru, lakini kuivuka na mtoto mkononi ni sala. Pale panataka vivuko vyenye taa za kusimamisha magari kweli, karibu karibu, sehemu ambazo watu wanavuka sasa hivi na sio pale ambapo ilikuwa rahisi kuchora.

Mwisho kuhusu ardhi ya reli. Kabla maneno ya treni ya mjini hayajawa makubwa, lindeni hifadhi ya reli na maeneo yanayoweza kuwa vituo, chorani mapema njia za kuingia vituoni, vichochoro visizibwe na kuta. Leo uchochoro unagharimu kalamu. Ukishajengewa ghorofa utagharimu fidia na kesi mahakamani miaka kumi.

Mama ametolewa POP, anatembea na fimbo. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi atashuka Kilombero tena kuja kwangu, amekataa nimlipie bajaji, anasema anataka miguu yake. Nitamfuata pale kituoni. Yeyote kati yenu mwenye nafasi naomba aje atembee na sisi mpaka Soko Kuu, taratibu, kwa mwendo wa mama. Futi nitabeba mimi.

Fundi wenu,
Soko Kuu, Arusha